Nairobi ya Kaskazini: Migongo, Mito na Mageti

Upande wa kaskazini wa jiji la Nairobi umekaa juu ya migongo ya ardhi. Migongo hiyo huteremka kutoka nyanda za juu za Kiambu ikielekea mashariki, na kati ya mgongo na mgongo hupita mto au kijito. Abiria wa matatu anayetoka katikati ya jiji kwenda Ruaka kwa barabara ya Limuru huijua sura hii ya nchi hata akiwa amesinzia: gari hushuka hadi darajani, hupanda kwa gia nzito, hutembea tambarare kidogo, kisha hushuka tena. Mto Nairobi ndio wa kwanza. Baada yake kuna Mathare, Gitathuru, Karura na Ruaka. Udongo wa migongoni ni mwekundu, hautuamishi maji, na huotesha karibu kila mti unaopandwa.

Udongo huo ndio uliogawa jiji. Reli ya Uganda ilifika hapa mwaka 1899, na kambi yake ikawekwa bondeni, kwenye uwanda wa majimaji, kabla ya njia kuanza kupanda milima. Haukupita muda wakubwa wa reli na wa serikali wakahamia juu, kwenye vilima vya magharibi na kaskazini, penye hewa baridi na miti. Wahindi waliruhusiwa maeneo ya katikati, kama Ngara na baadaye Parklands. Waafrika walisukumwa mashariki, Pumwani na kwingineko, kwenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 ulikataa rasmi kutenga makazi ya mijini kwa rangi, lakini masharti yaliyoandikwa kwenye hati za viwanja yaliendelea kufanya kazi ile ile kimyakimya. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: ramani ya miti ya Nairobi na ramani ya kipato chake zinafanana mno. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu karibu milioni 4.4 jijini, na wengi wao wanaishi mahali ambapo kivuli ni cha ukuta, si cha mti.

Mazungumzo haya yanafuata migongo hiyo kutoka kusini kwenda kaskazini, kuanzia ukingo wa Mto Nairobi hadi Gigiri na Runda, yakitazama mitaa, bustani na njia za miguu zinazoiunganisha, au zinazoshindwa kuiunganisha.

Mahali pa kuanzia ni Museum Hill, kilima ambacho Makavazi ya Kitaifa yamekaa tangu mwaka 1930. Chini yake unapita Mto Nairobi, uliotoka safi kwenye chemchemi za kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, na unaofika hapa umekwisha kubadilika rangi. Hatua chache upande wa mashariki, karibu na mzunguko wa Globe, kuna bustani ya ukingoni iliyopewa jina la John Michuki. Wengi humkumbuka kwa mikanda na vidhibiti mwendo alivyowalazimisha wenye matatu kufunga mwaka 2004. Akiwa waziri wa mazingira, alianzisha mwaka 2008 kazi ya kusafisha mto huu, na sehemu hii iliyokuwa jaa la taka na maficho ya vibaka ikapandwa miti. Alipofariki mwaka 2012 bustani ilirudi nyuma, ikafufuliwa tena mwaka 2020. Leo mafundi na wachuuzi wa Ngara huja hapa kula chakula cha mchana kwenye nyasi. Mto unaopita kando yao bado unanuka siku za jua kali, jambo linaloonyesha kwamba kusafisha ukingo na kusafisha maji ni kazi mbili tofauti.

Mgongo wa magharibi ya hapo, nyuma ya Ikulu, una Arboretum, bustani ya miti yenye hekta 30. Ilianzishwa mwaka 1907, na haikuanzishwa ili watu wapumzike. Serikali ya kikoloni ilihitaji kuni za injini za reli na mbao za ujenzi, na ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua haraka katika udongo huu. Shamba hilo la majaribio ndilo lililoachia jiji mkusanyiko wa aina zaidi ya 350 za miti, ya Kiafrika na ya mabara mengine, baadhi ikiwa imebandikwa vibao vya majina. Mto Kirichwa Kubwa hupita upande wake wa chini.

Asubuhi za siku za kazi Arboretum ni ya wakimbiaji. Kuanzia saa nne inabadilika kuwa mahali pa ibada. Watu huja mmoja mmoja, kila mtu huchagua mti wake, akatembea huku na huku akiomba kwa sauti, mikono juu, Biblia imewekwa juu ya shina lililokatwa. Hakuna anayemshangaa mwenzake. Kima wamekwisha kuzoea sauti hizo. Wanachofuatilia ni mfuko wa andazi, na wakiuona umeachwa mbali na mwenyewe, haukai. Jumamosi huwa zamu ya maharusi na wapiga picha, na Jumapili huwa ya familia. Kwa ukubwa wake, hakuna bustani nyingine ya Nairobi inayobeba matumizi mengi hivi kwa ugomvi mdogo hivi.

Kuvuka Mto Nairobi kuelekea kaskazini ni kuingia Ngara na Parklands. Parklands ilipimwa kwa barabara zilizonyooka zilizopewa namba, kuanzia ya Kwanza hadi ya Sita, na familia za Kihindi zikajenga humo nyumba za mawe zenye baraza pana na viwanja vya michezo vya jumuiya zao. Hospitali ya Aga Khan ilifunguliwa humo mwaka 1958. Nyumba nyingi za zamani zimevunjwa katika miaka ya karibuni na nafasi zake zimechukuliwa na majengo ya ghorofa. Bustani ya nyumba moja iliyokuwa na miembe na mizambarau sasa ni maegesho ya magari, na wakazi wapya wanatafuta pa kunyooshea miguu nje ya ua. Karibu yao kuna mahali pamoja tu, nako ni City Park.

City Park ni mabaki ya msitu wa asili uliofunika migongo hii kabla ya jiji. Ndani yake bado kuna muhugu, mti mgumu wenye harufu ambao wachongaji wa Kikamba waliutegemea kwa vinyago hadi ukaadimika porini, na miti mingine ya kienyeji ambayo mtu angelazimika kwenda mbali kuiona. Kima wa City Park wamejulikana kwa vizazi kadhaa vya watoto wa Nairobi: kuletwa hapa kuwalisha karanga ilikuwa zawadi ya Jumapili. Wataalamu wa wanyama hawapendi desturi hiyo, kwa kuwa mnyama anayelishwa hupoteza woga na mwishowe huuma, lakini muuza karanga wa getini hajakosa wateja.

Upande mmoja wa bustani una makaburi, na hapo kuna historia nzito ya siasa za Kenya. Pio Gama Pinto, mwanahabari na mwanasiasa mwenye asili ya Goa aliyewasaidia wapiganaji wa Mau Mau na kuwekwa kizuizini na wakoloni, alipigwa risasi nyumbani kwake Westlands tarehe 24 Februari 1965, akiwa mbunge wa kwanza kuuawa kisiasa katika nchi huru. Amezikwa hapa. Nje kidogo ya makaburi hayo amelazwa rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais kwa miezi michache ya mwaka 1966, akajiuzulu na kutumia maisha yake yaliyobaki kukusanya sanaa, vitabu na nyaraka za Afrika. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa karibu na Pinto kwa sababu ndivyo alivyotaka. Kaburi lake limezungukwa na vinyago vikubwa vya wasanii wa Afrika Mashariki. Wapitanjia wengi hukalia ngazi zake kupunga upepo bila kujua ni nani aliyelala hapo, na pengine Murumbi, aliyependa watu wauone usanii wao wenyewe, asingechukizwa.

City Park pia ni somo la namna ardhi ya umma inavyomegwa. Ilipoanzishwa ilikuwa na zaidi ya hekta 90. Iliyobaki ni takriban 60. Sehemu nyingine ziliondoka kwa shughuli zenye manufaa, kama uwanja wa magongo uliojengwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Nyingine ziliondoka kwa hati zilizotolewa kwa watu binafsi nyakati ambazo kiwanja cha umma kilikuwa zawadi ya kisiasa. Kilichosimamisha umegaji ni mambo mawili: kikundi cha marafiki wa bustani kilichoundwa katika miaka ya 1990, na tangazo la mwaka 2009 lililoifanya bustani yote kuwa urithi wa taifa chini ya Makavazi. Ukuta haukutosha, wala askari hakutosha. Mnyakuzi huogopa zaidi jina likiwa kwenye gazeti rasmi la serikali.

Ng'ambo ya uzio kuna soko la City Park, ambalo halina budi kutajwa kwa sababu linaeleza mtaa kuliko jengo lolote. Wachuuzi wake, wengi wakiwa wanawake kutoka Kiambu, wamelisha jikoni za Parklands kwa miongo mingi: karela, bamia, uwatu, biringanya ndogondogo za mviringo, pilipili za kila ukali, dhania kwa mafungu. Mteja wa Kihindi na muuzaji wa Kikuyu hubishana bei kwa Kiswahili cha haraka ambacho hakimo katika kitabu chochote cha shule.

Westlands, iliyo jirani, haina mengi ya kusemwa kuhusu bustani, kwa kuwa haina. Ilikuwa mtaa wa nyumba na maduka machache. Kituo cha Sarit kilipofunguliwa mwaka 1983, biashara ilianza kuhamia huko, na leo majengo yake yanashindana kwa urefu na ya katikati ya jiji. Kitu kimoja cha kijani kilichobaki kikiwa na hadhi ni mugumo mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way. Mwaka 2020, barabara ya juu kwa juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo ilipokuwa ikijengwa, mti huo, wenye urefu wa jengo la ghorofa nne na umri unaokisiwa kuwa karne nzima, uliwekewa alama ya kung'olewa. Kelele zilipigwa. Mugumo kwa Wakikuyu ni mti wa sala na wa agano, na wapinzani wa mradi waliujua uzito huo. Mwezi Novemba, amri ya rais iliuokoa, na mchoro wa barabara ukabadilishwa. Mamia ya miti mingine kwenye njia hiyo haikuwa mitakatifu kwa mtu yeyote, nayo ikaenda na msumeno. Ni vigumu kuusifu uamuzi huo bila kuuliza kwa nini mti mmoja ulihitaji amri ya rais, na mingine haikupata hata barua ya karani.

Mgongo unaofuata ni Muthaiga. Klabu yake maarufu ilifunguliwa mkesha wa mwaka 1914 kwa ajili ya walowezi, na mtaa ukaota kuizunguka: barabara zinazopinda, ua wa maua, nyumba zisizoonekana kutoka njiani. Mabalozi wengi huishi huko. Mtaa wenyewe una miti mingi kuliko bustani nyingi za umma, ila miti hiyo iko ndani ya kuta, na kivuli pekee anachopata mpita njia ni kile kinachoruka ukuta. Oktoba, jakaranda zinapochanua, lami yote hugeuka zambarau, na walinzi wa mageti hutumia asubuhi nzima kufagia.

Kuna uwanja wa gofu, kuna barabara ya Thika, halafu kuna Mathare. Umbali ni wa kutembea kwa miguu, na maelfu ya watu hutembea kila alfajiri, wakitoka kwenye nyumba za mabati kwenda kufua, kupika, kukata nyasi na kulinda. Mathare ilianza kwenye machimbo ya mawe yaliyojenga jiji, bondeni mwa mto wenye jina hilo. Mto Gitathuru, uliopita kwenye migongo ya matajiri, huungana na Mathare, na maji yote humiminikia mtaa wa mabanda. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilionyesha maana yake: mito ilifurika usiku, watu wakafa, na serikali ikaamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Matingatinga yalibomoa vibanda Mathare. Sheria ya ukingo wa mto ni nzuri na ingetakiwa kufuatwa, lakini iliwafikia kwanza watu wa mwisho kuyapokea maji. Kila ua uliozibwa kwa saruji huko juu huongeza kasi ya maji yanayowafikia wa chini.

Baada ya Muthaiga, majengo yanakatika ghafla na msitu unaanza. Huu ni Karura, wenye hekta 1,041, mmoja wa misitu mikubwa duniani iliyo ndani kabisa ya mipaka ya jiji. Barabara ya Limuru huupasua upande wa magharibi na kutenga kipande cha Sigiria. Barabara ya Kiambu huukata upande wa mashariki. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Wakoloni walikata sehemu kubwa ya miti ya asili na kupanda mikaratusi na miti mingine ya haraka kwa ajili ya kuni na mbao, ndiyo sababu mtembeaji wa leo hupita kwenye safu za miti iliyonyooka kama nguzo, kisha ghafla akaingia kwenye kichaka cha kienyeji chenye giza la kijani. Miaka ya 1950 wapiganaji wa Mau Mau walijificha kwenye mapango yaliyo kando ya mto, chini ya maporomoko.

Kilichoufanya Karura ujulikane ulimwenguni kilitokea katika miaka ya 1990. Vipande vya msitu viligawiwa kwa siri kwa kampuni za watu wenye ukaribu na utawala, na mwaka 1998 miti ikaanza kuangushwa ili zijengwe nyumba za kifahari. Wangari Maathai wa Green Belt Movement alikwisha kushinda vita kama hivyo vilivyoanza mwaka 1989, pale alipozuia jengo la ghorofa 60 kujengwa ndani ya Uhuru Park. Safari hii wapinzani walivamia eneo la ujenzi mwezi Oktoba 1998 na mitambo ikateketezwa. Tarehe 8 Januari 1999, yeye na wenzake, wakiwamo wabunge na wanahabari, walifika getini na miche. Kundi kubwa la walinzi wa kukodiwa liliwashambulia kwa rungu, mijeledi na mapanga. Maathai alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi cha Muthaiga kuandikisha mashtaka, alitia alama kwenye karatasi kwa damu yake mwenyewe. Mwishoni mwa mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu walimiminika barabarani na kupambana na polisi. Mwezi Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Ushindi huo uliuokoa msitu, lakini haukuufungua. Kwa miaka kumi iliyofuata Karura ulikuwa mahali pa kuogopwa. Wezi walijificha humo, miti ilikatwa usiku, na magazeti yaliripoti maiti zilizotupwa. Mabadiliko yalikuja kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyoruhusu wakazi kuunda vyama na kusimamia misitu pamoja na serikali. Chama cha Marafiki wa Karura kikaundwa, kikiwajumuisha wakaazi wa mitaa ya kifahari na wa vijiji maskini kama Huruma, kilicho mpakani mwa msitu. Fedha zilichangwa, uzio wa umeme ukajengwa, vijana wa vijiji vya jirani wakafunzwa kuwa askari wa msitu, na akina mama wakaruhusiwa kuokota kuni kwa utaratibu. Mwaka 2011 msitu ulifunguliwa kwa umma. Maathai alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo.

Njia za ndani sasa zinazidi kilomita 50. Kwenye njia panda kuna vibao vyenye namba zinazolingana na ramani ya getini, na aliyepotea huambiwa kwa simu atafute namba iliyo karibu. Njia kuu ni pana, za udongo mwekundu ulioshindiliwa. Waendesha baiskeli, wakimbiaji na wenye mbwa waliofungwa kamba huzitumia pamoja bila shida. Mvua ikinyesha udongo huo huteleza vibaya, na viatu vyenye soli laini havifai. Njia inayopendwa zaidi hufuata Mto Karura kupitia mianzi hadi maporomoko ya maji na mapango. Vikundi vya shule hujazana hapo wikendi. Anayetaka utulivu huenda Sigiria, ng'ambo ya barabara ya Limuru, ambako miti ya asili ni mingi na watu ni wachache. Ndani ya Karura pia kuna kidimbwi cha mayungiyungi na, kwa wapenda mambo ya ajabu, tanuri la zamani ambamo Benki Kuu ilichomea noti chakavu. Vizazi vya watoto wamepita hapo wakichakura majivu kwa matumaini.

Wanyama wamerudi polepole. Funo na mbawala huonekana alfajiri, kima ni wengi, na nyayo za nguruwe mwitu huachwa kwenye matope ya mtoni. Mbega weusi kwa weupe walikuwa wametoweka kabisa. Kuanzia mwaka 2014 waliletwa zaidi ya 100 kutoka Kipipiri, kaunti ya Nyandarua, ambako misitu yao ilikuwa imekatwa na wakulima wamechoka kuwafukuza mashambani. Sasa wanazaliana. Sehemu za mikaratusi nazo zinavunwa kidogokidogo na nafasi zake kupandwa muhugu, mzeituni mwitu na miti mingine iliyokuwapo kabla ya reli.

Vita vya Karura havijaisha, vimebadilika sura tu. Mwaka 2024 mpango wa kupanua barabara ya Kiambu kwa kuchukua ukanda wa msitu ulipingwa, na mwaka 2025 ulizuka mvutano kati ya Shirika la Huduma za Misitu na chama cha marafiki kuhusu nani apokee malipo ya getini, ukafikishwa mahakamani. Suala la pili linaonekana dogo, ila ndilo la msingi. Fedha za geti ndizo zinazolipa askari wa msitu na kutengeneza njia. Zikielekezwa kwenye mfuko mkuu wa taifa, hakuna anayeweza kuahidi zitarudi kwa wakati. Msitu uliookolewa na watu ukageuzwa kuwa chanzo tu cha mapato utapoteza walinzi wake bora.

Kaskazini ya msitu ni Gigiri na Runda. Yalikuwa mashamba ya kahawa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliundwa mwaka 1972 na kuwekwa Nairobi, likiwa shirika la kwanza la Umoja wa Mataifa kuwa na makao makuu katika nchi inayoendelea. Makao hayo yako Gigiri. Balozi zikafuata, na ubalozi wa Marekani ulihamia hapo baada ya shambulio la bomu la mwaka 1998 katikati ya jiji. Gigiri ina njia za miguu zilizowekwa mawe vizuri kuliko mitaa mingi ya Nairobi, na pia ina kamera na vizuizi vingi kuliko yote. Runda ni mtaa wa mageti tangu mwanzo hadi mwisho. Pembeni yake, bondeni, kuna Githogoro, mtaa wa mabanda ambao wakazi wake huzitunza bustani za Runda. Watoto wa Githogoro hucheza mpira barabarani. Msitu uko karibu, lakini kiingilio cha familia ya watu watano kwa siku moja hukaribia bei ya chakula cha jioni.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya upande huu wa jiji. Bustani zipo, tena nzuri, na kila moja iliokolewa kwa jasho. Zinachokosa ni njia kati yake. Kutoka Museum Hill hadi City Park, na kutoka City Park hadi geti la Karura, ni kilomita chache tu, na mito ingeweza kuwa njia ya asili ya kuziunganisha zote, kwa kuwa sheria imekwisha kutenga kingo zake. Badala yake, mtembea kwa miguu hufuata ukingo wa barabara ya Limuru, mahali pengine bila hata njia ya kando, akisukumana na bodaboda na moshi wa malori. Wakazi wa Mathare, ambao mto wao unatoka kwenye migongo hii, hawana kijia kimoja cha umma cha kuufuata kwenda juu. Maji yenyewe hayajui mipaka hiyo: yote huishia Mto Athi, na kutoka Athi hadi Sabaki, na msimu wa mvua bahari ya Malindi hugeuka hudhurungi kwa udongo wa bara.

Kwa msikilizaji anayetaka kwenda, Arboretum na City Park hufikika kwa miguu kutoka Museum Hill. Matatu namba 106 na 107 hupita barabara ya Limuru kando ya Karura, na namba 100 hupita barabara ya Kiambu. Karura hufungwa jioni jua linapotua, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika misitu ya serikali, kwa hiyo maji yabebwe kwenye chupa ya chuma. Siku tulivu ni Jumanne na Jumatano. Kaunti ya Nairobi nayo ina kazi yake: kabla ya kuahidi bustani mpya, ijenge njia ya miguu kando ya barabara ya Limuru, kutoka Ngara hadi geti la msitu.